Volvo ya zamani: Kagua kutu kabla ya kulipia jina

KATIKA soko la magari ya zamani huko Ulaya na Marekani, yapo yanayouzwa kwa sifa ya kasi na yapo yanayouzwa kwa sifa ya urembo. Volvo ya Sweden inauzwa kwa neno moja tu: usalama.

Neno hilo ni mtaji mkubwa kwa muuzaji. Mnunuzi anayetafuta gari la miaka ya 1960 au 1970 hufika sokoni akiwa ameshashawishika nusu kabla hata ya kufungua mlango. Amesikia kuwa Volvo ni chuma kizito, haiishi, na inamlinda aliyemo ndani.

Hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha. Sifa ya gari ilijengwa kiwandani likiwa jipya, lakini kinachouzwa leo ni chuma chenye umri wa miaka 40, 50 au 60, ambacho huenda kimeliwa na kutu mahali pasipoonekana. Asiyejua tofauti hiyo hulipa mara mbili: mara ya kwanza kwa muuzaji, mara ya pili kwa fundi. Mbaya zaidi, anaweza kulipa kwa uhai wake.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye hana mpango wa kununua gari la kifahari la zamani, somo hili bado linamhusu. Anayenunua trekta lililotumika, mashine ya kusaga au lori la mkono wa pili hukutana na mtego uleule wa kulipia jina badala ya kulipia hali ya kitu chenyewe.

Gari la mkono wa pili lililoshinda Safari

Jina la Volvo si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda mashindano ya Safari Rally wakiendesha Volvo PV544.

Gari lile halikuwa jipya. Lilikuwa limetumika katika mashindano ya mwaka 1964 na timu ya kiwanda, ambayo haikupata ushindi, kisha likauzwa. Joginder, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri, alijua anachokinunua na alijua namna ya kukitengeneza. Baadaye alishinda tena Safari mwaka 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi.

Ushindi wa 1965 unaeleza jambo ambalo wafanyabiashara wa magari ya zamani hulirudia kila siku. Gari lililotumika linaweza kuwa biashara nzuri sana, mradi mnunuzi awe na jicho la fundi, au awe na fundi pembeni yake.

Jina lilivyojengwa

Kampuni ya Volvo ilitoa gari lake la kwanza mwaka 1927 katika mji wa Gothenburg. Waanzilishi wake, Assar Gabrielsson na Gustaf Larson, walilenga kutengeneza gari la kuhimili barabara mbovu na baridi kali ya Sweden.

Mwaka 1944 walionyesha PV444, gari dogo lililokuwa na kioo cha mbele cha tabaka, yaani kisichomwaga vipande vya kumkata abiria kinapopasuka. Kutokana na gari hilo ndipo ilipozaliwa PV544 mwaka 1958.

Hatua kubwa kuliko zote ilikuja mwaka 1959. Mhandisi Nils Bohlin, ambaye awali alifanya kazi ya viti vya kumrusha rubani nje ya ndege ya kivita, alibuni mkanda wa usalama unaoshika sehemu tatu: begani na pande mbili za kiuno. Mkanda huo uliwekwa kwanza katika PV544 na katika gari lililoitwa Amazon.

Kampuni ilisajili ubunifu huo, lakini ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Leo karibu kila gari duniani lina mkanda wa namna hiyo, na Volvo yenyewe inakadiria kuwa umeokoa watu zaidi ya milioni 1.

Mwaka 1966 ilikuja Volvo 144, yenye sehemu za mbele na nyuma zilizotengenezwa zijikunje wakati wa ajali ili nguvu ya kishindo isimfikie abiria. Breki zake zilikuwa na njia mbili, kiasi kwamba njia moja ikipasuka nyingine inaendelea kusimamisha gari.

Kisha mwaka 1974 ikaanza Volvo 240, lile gari la umbo la sanduku ambalo watu wengi hulikumbuka wakisikia jina Volvo. Lilitengenezwa hadi mwaka 1993, na zaidi ya magari milioni 2.8 ya aina hiyo yalitoka kiwandani.

Aina zinazotafutwa

Wanunuzi wa Volvo za zamani huangukia katika makundi manne.

La kwanza ni la wanaotaka PV444 na PV544, zenye mgongo wa mviringo. Hizi ni za wapenzi hasa, kwani uzalishaji wake ulikoma mwaka 1965 na sehemu nyingine za bodi hazipatikani kwa urahisi.

La pili ni la Amazon, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1956 hadi 1970. Nje ya Sweden iliuzwa kwa namba, kama 121 na 122S, kwa sababu jina Amazon lilikuwa tayari mali ya mtengenezaji wa pikipiki ndogo wa Ujerumani. Wengi huiona kuwa ndiyo yenye uwiano bora kati ya bei, uimara na upatikanaji wa spea.

La tatu ni la P1800, gari la milango miwili lililopata umaarufu katika tamthilia ya televisheni ya Uingereza, The Saint, likiendeshwa na mwigizaji Roger Moore. Lilitengenezwa kati ya mwaka 1961 na 1973. Hili ndilo ghali kuliko mengine, kwa kulinunua na kwa kulikarabati.

La nne ni la 240. Kwa miaka mingi lilionekana gari kuukuu la bei ya kutupa. Siku hizi vijana wa Ulaya na Marekani wanalitafuta, na yale yaliyotunzwa vizuri yamepanda bei.

Adui wa kwanza ni kutu

Injini za Volvo za miaka hiyo zina sifa ya kudumu. Ndiyo maana fundi mzoefu haanzi kukagua kwa kufungua boneti. Huanza kwa kulala chini ya gari.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Injini ikifa, hutolewa ikatengenezwa au ikawekwa nyingine. Bodi ikioza, kazi yake ni kukata chuma, kuchomelea na kupaka rangi upya, na saa za fundi wa bodi huko Ulaya ni ghali mno.

Tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu magari haya hayana chesi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote. Kutu katika kingo za chini ya milango au kwenye sakafu maana yake ni kuwa mifupa ya gari imeoza.

Katika Amazon, sehemu za kukaguliwa kwanza ni madigadi ya mbele kuzunguka taa, kingo za chini ya milango, sakafu chini ya mazulia, mahali pa kuwekea jeki na sakafu ya buti panapokaa tairi la akiba.

Katika P1800, kingo za chini ya milango zina tabaka kadhaa za chuma. Zikioza, ukarabati wake unaweza kuzidi bei ya gari zima. Vipande vya urembo, kama bampa na nakshi za kung'aa, navyo ni adimu.

Katika 240, kutu hupenda kujificha chini ya betri, kuzunguka matairi ya nyuma, pembeni mwa kioo cha mbele na katika mlango wa nyuma wa zile zenye buti refu.

Kifaa cha kumsaidia mnunuzi si ghali. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, ili isikwaruze rangi, hunata kwenye chuma na hukataa kunata pale mafundi walipojaza dongo la kuziba mashimo kabla ya kupaka rangi. Gari linalong'aa kwa rangi mpya huku sumaku ikiteleza halifai kununuliwa kwa bei ya gari zima.

Muuzaji anayekataa mazulia yasiinuliwe, au gari lisipandishwe juu likaguliwe chini, ameshajibu swali.

Injini, waya na mita

Amazon na P1800 zilizo nyingi zina injini ya silinda 4 ya lita 1.8 au lita 2. Ni injini nyepesi kwa fundi yeyote anayejua kabureta. Sehemu moja yenye kuchakaa ni gia inayozungusha kemshafti, ambayo kiwandani haikutengenezwa kwa chuma kitupu bali kwa nyuzi zilizogandishwa. Ikikatika, gari husimama njiani. Wamiliki wengi hubadilisha na kuweka ya chuma.

Injini hizo ziliundwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi. Petroli hiyo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006. Mnunuzi anapaswa kuuliza kama viti vya valvu vimeshabadilishwa ili kuhimili petroli ya sasa. Nchini Uingereza, ambako petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli ilianza kuuzwa mwaka 2021, wenye magari ya zamani wamelazimika kuangalia pia mipira ya mafuta, kwa sababu ethanoli huilainisha na kuipasua ile ya kizamani.

Kwa 240, jambo la kwanza ni waya. Zilizotengenezwa takriban kati ya mwaka 1980 na 1987 zilifungwa nyaya ambazo ngozi yake huchakaa na kumomonyoka ndani ya boneti. Nyaya zikigusana, gari huanza kusumbua pasipo sababu inayoeleweka. Kama hazijabadilishwa, gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei.

Jambo la pili ni mita ya kilomita. Katika 240 nyingi, gia ndogo ya plastiki inayozungusha namba huvunjika, namba zikabaki palepale huku gari likiendelea kutembea. Kwa hiyo mita inayosoma kilomita chache si ushahidi wa lolote. Ushahidi ni risiti za gereji, vyeti vya ukaguzi vya kila mwaka na hali ya kanyagio za breki, usukani na kiti cha dereva.

Usalama wa jana si wa leo

Hili ndilo suala ambalo wauzaji hulipitia kwa haraka. Volvo ya mwaka 1965 ilikuwa salama kuliko magari mengi ya mwaka 1965. Haina maana kuwa ni salama kuliko gari dogo la leo.

Amazon haina mifuko ya hewa wala mfumo wa kuzuia matairi kujifunga wakati wa breki kali. Usukani na dashibodi zake ni vya enzi nyingine. Ubavuni hakuna kinga inayokaribia ile ya magari ya sasa.

Mwaka 2009 taasisi ya kampuni za bima nchini Marekani inayopima usalama wa magari, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009, kila moja ikiwa katika mwendo wa takriban kilomita 64 kwa saa. Gari la zamani lilikuwa refu na lilionekana imara. Sehemu ya dereva wake ilisagika, na matokeo yalionyesha kuwa dereva halisi asingepona. Dereva wa gari jipya angetoka na majeraha madogo.

Bel Air si Volvo, na Volvo ya 1959 ilikuwa na mkanda ambao Bel Air haikuwa nao. Hata hivyo, miaka 50 ya utaalamu haizibwi na unene wa bati.

Zaidi ya hayo, vifaa vya usalama navyo huzeeka. Mkanda uliokaa juani miaka 40 hupoteza nguvu ya nyuzi zake. Ukiwa na kingo zilizochanika, au ukiwahi kuwamo katika ajali kubwa, hauna budi kubadilishwa. Mipira ya breki huvimba kwa ndani na kuzuia mafuta yasirudi, gari likawa linavuta upande mmoja.

Matairi ni mfano mzuri wa kinachodanganya macho. Gari la maonyesho hutembea kidogo, hivyo kashata za tairi hubaki ndefu huku mpira ukikauka. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba nne za mwisho zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye namba 2314, kwa mfano, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Namba hizo zipo pia kwenye matairi ya pikapu na malori, na kila mnunuzi wa mitumba ana haki ya kuzisoma kabla ya kutoa fedha.

Hesabu kabla ya moyo

Wanunuzi wengi huvutiwa na gari bovu kwa sababu bei yake ni ndogo. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, lakini inaonyesha mtego ulipo.

Tuseme gari la kwanza linauzwa Sh8 milioni likiwa na kutu, na la pili, la aina ileile, linauzwa Sh14 milioni likiwa zima na lina kumbukumbu za matengenezo. Tofauti ni Sh6 milioni, na macho huona kuwa la kwanza ndilo lenye nafuu.

Kazi ya bodi ikigharimu Sh7 milioni, breki na matairi Sh1.5 milioni, waya na viti Sh1.5 milioni, gari la kwanza litakuwa limekula Sh18 milioni. Mwenyewe atakuwa amekaa mwaka mzima bila kulitumia, na siku akitaka kuliuza, soko litampa bei ya gari zima la kawaida, yaani zile Sh14 milioni. Hasara ni Sh4 milioni, achilia mbali muda.

Ndiyo maana washauri wa magari ya zamani husema mnunuzi anunue gari lililo zima kuliko yote anayoweza kuyamudu, na abakize akiba kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Magari yaliyokaa muda mrefu bila kutembea huonyesha maradhi yake baada ya kuanza kutumika.

Sheria za nchi nazo zimo katika hesabu. Nchini Uingereza, gari lililotimiza miaka 40 husamehewa kodi ya barabara, na tangu mwaka 2018 kwa kawaida husamehewa pia ukaguzi wa kila mwaka. Msamaha huo ni nafuu kwa mfuko lakini ni hatari kwa mnunuzi, kwani gari linaweza kuuzwa bila kukaguliwa na yeyote kwa miaka kadhaa. Busara ni kulilipia ukaguzi kwa hiari kabla ya kununua.

Kwa aliyeko Afrika Mashariki anayefikiria kuagiza, milango ni myembamba. Kenya kwa kawaida hairuhusu magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, wala yenye usukani wa kushoto. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye miaka 15 au zaidi. Tanzania huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada kulingana na umri wake. Ni vyema kuuliza mamlaka ya mapato kwa maandishi kabla ya kulipa chochote nje.

Usukani nao una hadithi yake. Sweden iliendesha upande wa kushoto wa barabara hadi Septemba 3, 1967, lakini magari yake karibu yote yalikuwa na usukani wa kushoto hata kabla ya siku hiyo. Anayetaka Volvo ya zamani yenye usukani wa kulia hutafuta iliyouzwa ikiwa mpya katika nchi kama Uingereza.

Kinacholipa ni matunzo

Ushahidi mkubwa wa uimara wa Volvo ya zamani unatoka Marekani. Irv Gordon, mwalimu wa sayansi wa New York, alinunua 1800S mpya mwaka 1966. Mwaka 2013 gari hilo lilitimiza maili milioni 3, sawa na takriban kilomita milioni 4.8, na kuweka rekodi ya dunia kwa gari la mmiliki mmoja. Alifariki mwaka 2018 akiwa bado anajulikana kwa gari hilo.

Siri yake haikuwa ya ajabu. Alibadilisha oili kwa wakati, alifuata kitabu cha gari na alisikiliza kila mlio mpya.

Kwa hiyo anayekwenda kuangalia Volvo ya zamani aende mchana, gari likiwa kavu, maana maji huficha kasoro za rangi. Aombe injini iwe baridi, ili aone inavyowaka asubuhi. Abebe tochi, sumaku na nguo ya kulalia chini. Alinganishe namba ya bodi na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Aendeshe, akanyage breki kwa nguvu mahali salama, na aangalie kama gari linanyooka.

Akimaliza, azitazame risiti kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama rangi. Palipo na risiti za miaka 20 zilizopangwa vizuri, bei ya juu ina maelezo. Palipo na jina tu, mnunuzi ataje bei ya chuma chakavu, na muuzaji akikataa, aage kwa heshima na kwenda kuangalia jingine.